Kipimo cha kujipima VVU kwa majimaji ya kinywani: kipimo ni kizuri, maelekezo yake bado

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwelimishaji rika, na swali ambalo vijana huniuliza mara nyingi kuliko yote si namna VVU vinavyoambukizwa, kwa kuwa hilo wengi wao wamelisikia tangu utotoni, bali ni namna ya kupima bila kuonekana na mtu. Ndiyo maana, kabla ya kumpendekezea mtu yeyote kipimo cha kujipima kwa majimaji ya kinywani, nilikitumia kwanza mwenyewe, kisha nikaketi na vijana waliokubali niwe karibu nao walipokuwa wakijipima.

Ndani ya pakiti mna kijiti bapa chenye ncha laini ya kupangusia na kidirisha cha kusomea matokeo, kichupa kidogo chenye kimiminika, kishikizo cha kukisimamisha kichupa hicho, na karatasi ya maelekezo yenye michoro. Hakuna sindano wala tone la damu, na kwa kijana anayeogopa kuchomwa hilo peke yake ni nafuu kubwa. Unapangusa fizi za juu mara moja na za chini mara moja, unatumbukiza kijiti kichupani, unasubiri. Kimiminika hupanda taratibu kwenye kidirisha na kukitia rangi ya waridi, kisha rangi hiyo hufifia na mstari hujitokeza penye herufi C. Mstari huo ukibaki peke yake, kipimo kimefanya kazi na hakikuona dalili ya maambukizi. Ukitokea na wa pili penye herufi T, hata uwe hafifu kiasi cha kukulazimu usogee kwenye mwanga ili uuone, huo unahesabika, na matokeo hayo ni lazima yathibitishwe kwa vipimo vingine kituo cha afya. Pasipo mstari wa C, kipimo kimeharibika na hakina jibu lolote la kutoa.

Kipimo nilichotumia husomwa kati ya dakika ya 20 na ya 40. Michoro inalionyesha jambo hilo vizuri, na inaeleza pia kwamba usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla ya kupima, na usipige mswaki kwa dakika 30. Kijana mmoja alikuwa ametoka kusafisha kinywa dakika hiyo hiyo kwa sababu alidhani ndiyo adabu ya kupima, basi tukaahirisha.

Mwingine aliniuliza jambo ambalo karatasi haikuligusa kabisa: ikiwa VVU vinapimwa kwa majimaji ya kinywani, je, kubusiana hakuambukizi? Aliuliza kwa hofu ya kweli. Kipimo hiki hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa, na mate hayaambukizi VVU. Sentensi moja ya namna hiyo ingemwondolea mtu wasiwasi wa miezi mingi, na sioni sababu ya kuikosa.

Lakini kasoro iliyonisumbua zaidi ni namna karatasi ile ilivyoeleza kipindi cha dirisha. Kwa kuwa kipimo kinategemea kingamwili, na mwili huhitaji muda kuzitengeneza za kutosha, mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kupata jibu la kuonyesha kuwa hana virusi ilhali tayari anavyo, na hicho ndicho kipindi ambacho anaweza kuwaambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu huelekezwa kurudia kipimo miezi 3 baada ya tukio la hatari. Katika pakiti yangu maelezo hayo yalikuwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo, chini ya maelezo ya joto la kuhifadhia. Msichana mmoja mwenye umri wa miaka 19 alikuja na pakiti mkononi, akaniambia kwamba kondomu ilipasuka juzi usiku na anataka ajue moja kwa moja. Angejipima siku ile, angeona mstari mmoja, angeshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Alichohitaji si kipimo hicho bali dawa za PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Tuliondoka pamoja kwenda kituoni muda huo huo, na pakiti ikabaki haijafunguliwa.

Kuhusu uhakika wa majibu, Marekani ilipoidhinisha mwaka 2012 kipimo cha kwanza cha haraka cha kutumika nyumbani, takwimu za majaribio zilionyesha kwamba kati ya watu 12 wenye maambukizi, takriban mmoja alikosewa kwa kuambiwa hana, na kati ya watu 5,000 wasio nayo, takriban mmoja aliambiwa anayo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kujipima kama njia ya nyongeza ya kuwafikia watu, na naafikiana nalo kabisa, kwa sababu nimewaona waliojipima chumbani ambao kituoni wasingekanyaga. Anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, au PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla ya tukio la hatari, asikitegemee kipimo hiki, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kukifanya kitoe jibu lisilo sahihi.

Jambo la mwisho ni upweke wa dakika zile. Karatasi ina namba ya simu ya ushauri nasaha, na hilo ni jema, ila haimwambii kijana kwamba mtu anayeishi na VVU, akimeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Anayekodolea macho kidirisha huku mikono ikimtetemeka anastahili kulijua hilo kabla mstari haujatokea.

Nakipendekeza kipimo hiki, na nitaendelea kukigawa. Kwa sasa nafungua kila karatasi kabla ya kumkabidhi kijana na kupigia mstari kwa kalamu nyekundu maneno mawili, miezi 3 na saa 72, huku nikimweleza tofauti yake. Ombi langu kwa watengenezaji ni kwamba maneno hayo yachapishwe juu ya pakiti, upande wa mbele, kwa herufi ambazo mtu atazisoma kabla hajaifungua.