Bleidi gani ununue kwanza kwa msumeno wa meza

Kama useremala kwako ni wa kujifurahisha tu na msumeno wa meza unakuunguzia mbao, usikimbilie kubadili mashine jamani, anza na bleidi. Hapa naongelea za inchi 10 (milimita 254).

Namba moja kwangu ni ya kazi zote, meno 40 au 50. Inapasua (kufuata nyuzi za mbao), inakata (kukingama nyuzi), hata plaiwudi inajitahidi. Hela ikitosha moja tu chukua hii, na utafute yenye ncha nene za kabaidi (ile mada ngumu sana inayobandikwa kwenye meno) maana zinakubali kunolewa tena na tena.

Ya pili ni meno 24, ya kupasua. Hapa ndo wengi wanapotea, wanaona meno mengi wanadhani ndo ubora, kumbe ukipasua kufuata nyuzi za mbao vumbi linatoka kwa wingi na linataka nafasi kubwa kati ya jino na jino ili litoke, sasa ukiweka ya meno 80 hiyo nafasi haipo, unasukuma weee, joto linapanda, mbao inaungua na mota inaanza kulia.

Hiyo ya 80 ni ya tatu, nzuri kwa kukata kukingama na plaiwudi isichanike. Kama hutengenezi makabati, isubiri.

Seti ya kuchimba mifereji (bleidi kadhaa zinazofungwa pamoja) iweke mwisho kabisa. Misumeno mingi midogo ina shafti fupi (mhimili unaobeba bleidi), haiipokei, na mfereji unautoa tu kwa kupitisha bleidi ya kawaida mara kadhaa.

Kabla hujalipa angalia tundu la katikati ya bleidi, mashine za Marekani ni inchi 5/8, za Ulaya mara nyingi milimita 30. Spidi iliyoandikwa kwenye bleidi isiwe chini ya ya mashine. Mota ikiwa dhaifu chukua bleidi nyembamba, ya mkato (upana wa njia inayoachwa kwenye mbao) wa kama milimita 2.4, ila kile kisu kinachokaa nyuma ya bleidi lazima kiwe chembamba kuliko mkato na kinene kuliko bamba la bleidi, la sivyo mbao inakwama katikati ya kazi au inabana bleidi.

Na hata bleidi bora haikuokoi kama fensi (ule ukuta wa kuongozea mbao pembeni mwa bleidi) imeinama kuelekea bleidi kwa nyuma, mbao itabanwa na kurushwa kwako. Fensi na geji ya pembe (ile ya kuongozea mbao unapokata kukingama) usivitumie pamoja ukikata mbao hadi kipande kitengane. Sukuma kwa kijiti, simama pembeni kidogo.

Halafu ukiona bleidi imekuwa butu ghafla, chomoa waya, itoe uioshe kwanza, mara nyingi ni utomvu umeganda kwenye meno.