ELAN kwa mtafiti wa Kifaransa na lugha mchanganyiko

ELAN ni programu ya bure ya kunukuu sauti na video, kazi ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Inakubali Windows, macOS na Linux, na ukishaipakua haili bando. Kwa mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma anayehoji watu wanaochanganya Kifaransa, Kiswahili na Kigogo, ndiyo ya kwanza kuiweka kwenye kompyuta.

Ubora wake uko kwenye matabaka, yaani mistari ya maandishi inayokwenda sambamba na sauti. Mhojiwa akisema "Nimemaliza mon mémoire lakini prof bado hajasoma" ("mon mémoire" ni tasnifu yangu), ukiipa sentensi nzima alama moja ya lugha umepoteza ulichokifuata, maana suala la utambulisho liko pale pale anapohama lugha. Kwa hiyo kila msemaji apewe tabaka la sentensi. Chini yake tabaka la maneno la aina ya "Symbolic Subdivision", inayoigawa sentensi vipande vipande. Chini ya hilo, tabaka la lugha la "Symbolic Association", ambalo kila neno linapata alama yake moja. Tengeneza orodha ya alama mapema: FRA, SWA, GOG, ENG, na moja ya maneno yenye utata. "Prof" hapo juu ni la Kifaransa au la Kiingereza? Usilazimishe. Wengi huanza na tabaka moja kwa haraka, na kulibadilisha aina likiwa limeshajaa ni kazi ya kuchosha sana. Pangilia kwanza, hifadhi kama kiolezo, kisha tumia hicho hicho kwa mahojiano yote.

Faili la .eaf, ambamo ELAN huhifadhi kazi yako, halibebi sauti, linakumbuka tu ilipo. Ukihamisha WAV, yaani faili la sauti, kwenda kwenye flashi, programu itakuuliza iko wapi. Basi viweke viwili hivyo folda moja. Saa moja ya rekodi ya mono, 44.1 kHz, biti 16, ni kama MB 318. Na upepo wa kiangazi wa Dodoma hauna huruma: maiki ivae sponji, dirisha lifungwe, la sivyo hata sikio zuri halitatenganisha silabi.

Udhaifu? Wewe ndiye mwandishi, neno kwa neno, na menyu ni nyingi mno kwa anayeanza. Afadhali unaweza kuziweka kwa Kifaransa.

Unapotoa majedwali kwenda Excel, chagua UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) pande zote mbili, kutoa na kufungua. Ukikosea upande mmoja, "mémoire" inageuka "mÃ©moire" na hesabu ya maneno ya Kifaransa inavurugika.