Mizani ya mfukoni ya gramu 200: yafaa kwa sarafu ya dola 20, kwa ya dola 1 ni kazi bure

Mizani hii ya kisonara, inayosoma hadi gramu 0.01, tumeitazama kwa kazi moja tu: kukagua sarafu za dhahabu za Marekani za karne ya 19 kabla hujatoa pesa. Kwa sarafu kubwa inatosha. Kwa ndogo utajidanganya.

Nyingi huja bila jiwe la kusahihishia. Nunua la gramu 100, la sivyo hujui unachosoma.

Dola 20 yenye kichwa cha Liberty (sura ya mwanamke, mfano wa uhuru) iwe na gramu 33.44 na upana wa milimita 34. Dola 10 ni 16.72, dola 5 ni 8.36. Dhahabu yake ni sehemu 900 kwa 1,000, yaani kareti 21.6, basi sonara wa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, aliyezoea kareti 22 asiione mbovu. Wala asiisugue kwenye jiwe na kuitia tindikali: mkwaruzo mmoja, na mkusanyaji ameshaikataa.

Uzito peke yake haumalizi neno. Maji ndiyo yanayosema. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani (glasi nzito ya chai yaweza kuzimaliza gramu 200 zote), rudisha kwenye 0.00, kisha izamishe sarafu kwa uzi wa kushonea kofia, isiguse chini wala pembeni. Inachosoma sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Dola 20 itasoma 1.94, dola 10 itasoma 0.97, dola 5 itasoma 0.49. Dola 20 ikipita 2 sana, ndani mna madini mepesi. Ikishuka chini ya 1.80, shuku tangsteni, madini yenye uzito unaokaribia wa dhahabu safi.

Lamu ina mitego yake. Upepo wa baharini ukipita dirishani tarakimu hazitulii, kwa hiyo funga dirisha, zima na feni. Maji ya bahari yataipandisha 1.94 hadi 1.99, na ya kisima chenye chumvi yatakuwa katikati. Tumia ya chupa. Vipovu vikinasa kwenye meno ya ukingo navyo hupandisha hesabu. Itikise sarafu humo humo majini.

Dola 1 ina gramu 1.67 tu, majini inasoma 0.10. Mizani ikikosea 0.01, umekosea sehemu moja kwa kumi, na jibu hilo halina maana. Dola 2.50 nayo ni ya kubahatisha.

Tena kuna bandia za dhahabu halisi, za uzito kamili, kama zile zilizotengenezwa Lebanon katika karne ya 20. Hapo mizani haina la kusema. Shika lensi ya mara 10. Tazama upande wa nyuma, chini ya mkia wa tai: herufi CC, alama ya kiwanda cha sarafu cha Carson City, hupandisha bei sana, kwa hiyo wapo wanaoibandika. Ukiona ufa au rangi tofauti kwenye mzizi wa herufi, iache.

Iliyowahi kuning'inizwa kwenye mkufu hubaki na lehemu ukingoni, juu ya kichwa, na meno ya hapo huwa yamelala. Hiyo yaweza hata kuzidi 33.44. Ilipie bei ya gramu 30.09 za dhahabu safi, usiongeze hata shilingi ya ukale.