Ukumbi wa ngumi kwa wachezaji wa soka, Arusha

Si mbali na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuna ukumbi wa ngumi ambao jioni hujaa vijana wa timu za mtaani, na sifa yake kubwa ni kwamba kocha hamwachi mchezaji wa soka aamini kuwa pumzi za uwanjani zinatosha ulingoni. Katika dakika 90 kiungo hukimbia takriban kilomita 10, lakini sehemu kubwa ni kutembea na mbio za taratibu. Akichoka, mwenzake humfunika na kocha anaweza kumtoa. Bondia wa ridhaa ana raundi 3 za dakika 3, na dakika moja tu ya kupumzika kila baada ya raundi, na ndani ya muda huo hana wa kumpasia tatizo lake. Kwa sababu hiyo mazoezi yote hapa, kuanzia kuruka kamba hadi kupiga begi, huendeshwa kwa saa ya raundi, na wengi wenye miguu imara hushindwa kwanza mabegani, kwa kuwa kuinua mikono muda wote huku mwili umekazwa na hofu humaliza pumzi upesi.

Sikubaliani, hata hivyo, na kauli ya kocha kwamba soka ni mchezo wa kujificha. Kiungo huamua huku akisoma mienendo ya watu 21, na kosa lake huwaadhibu wenzake kumi. Mzigo huo bondia haujui.

Kasoro inayonitia wasiwasi ni ukosefu wa mizani. Wanaofanya sparingi, yaani mazoezi ya kupigana wawili wawili ulingoni, hulinganishwa kwa macho, ilhali ngumi zimegawanywa kwa uzito kwa sababu ya msingi: uwanjani mfupi mwenye kasi humpita beki mkubwa, lakini ulingoni tofauti ya kilo kumi hutua kichwani, na kofia ya kinga hupunguza michubuko bila kuzuia ubongo kutikisika. Anayeanza akatae sparingi mpaka apimwe.

Ada ni ya kawaida na glovu za kuazima zipo, ila kinga ya meno uje na yako. Ukumbi huu naupendekeza kwa dhati, na kwa mwenye mechi Jumapili nashauri aende mwanzoni mwa wiki, kwani mabega na miguu iliyochoka Jumamosi haitapona kufikia kesho yake.