Uzoefu wangu: likizo ya mwezi wa sita maktabani, na mjusi wa Tendaguru

Maktaba ya umma ya karibu na kwetu nimeipa nyota 4 kati ya 5, kwa kundi lake la vijana la likizo. Ya tano nimeizuia na sababu nitaieleza huko mbele. Nianze na kilichonifanya nishike simu kuandika, maana sina kawaida hiyo.

Mimi ni fundi cherehani mkoani Lindi. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwezi wa sita huku kwetu ni wakati wa ufuta, na familia yenye shamba haina shida ya kujua mtoto kashinda wapi. Sisi shamba hatuna. Likizo zote mtoto hukaa barazani na simu yangu mkononi, nikiitaka nipokee oda ya mteja tunaanza kununiana. Sasa jirani yangu ana binti anayejisomea maktaba ya umma iliyo karibu na kwetu, ndiye aliyeniambia kuna kundi la vijana wa miaka 12 hadi 18 linakutana pale Jumatatu mpaka Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wanachora, wanaandika, wanaigiza.

Nikamuuliza, "Maktabani? Si wakicheka tu wanatolewa nje?"

Akanijibu, "Dada, wewe mpeleke, halafu utaniambia."

Nikampeleka. Kanuni ya kunyamaza ipo palepale kwenye ukumbi wa kusomea, wanafunzi wa mitihani wameinamia madaftari yao. Vijana hawa wamepewa baraza ya nyuma pamoja na uwanja wake wa mchanga, na mkutubi mmoja wa kike amekabidhiwa kazi ya kukaa nao. Watoto wanamwita dada, ingawa umri wake ni wa kuitwa mama. Siku ya kwanza aliwauliza swali moja tu: kitu gani kimetoka Lindi na dunia nzima inakijua? Kuna waliosema ufuta, kuna waliosema magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Binti mmoja mdogo akasema, "Mjusi." Wenzake wakacheka. Mkutubi hakucheka. Alimwambia nenda ndani, tafuta rafu iliyoandikwa 567.9, uje na utakachokikuta.

Hapo mimi mwenyewe nilijifunza. Kumbe zile namba kwenye migongo ya vitabu zina maana, na namba hiyo ni ya wanyama watambaao wa kale, wakiwamo dinosaria, ambao sisi tunawaita mijusi, maktaba yoyote duniani inayotumia mpangilio huo wa namba, uitwao Dewey. Binti akarudi na kitabu kimoja, cha Kiingereza, jalada limeachia. Hicho ndicho walichokuwa nacho, na ndicho walichoanzia.

Nilisoma shule zangu zote mkoani humu, na huyu mjusi nilimjua kwa jina tu. Mwanangu ndiye aliyenisimulia jioni, nikiwa natia pindo. Tendaguru iko humuhumu mkoani kwetu, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini, na kati ya 1909 na 1913 ukafanyika uchimbaji wenye mamia ya vibarua, watu wa huku, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimepita na njaa yake. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mkubwa wao anaitwa Giraffatitan, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na mpaka leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13.27.

Mtoto wangu si msemaji. Siku hiyo alisema mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake akaniomba futi yangu ya kupimia nguo. Walikuwa wanataka kumchora mjusi kwa ukubwa wake halisi, kwa majivu, kama wanavyochora mistari ya uwanja wa mpira. Siiazimishi futi yangu hovyo, nikaamua kwenda nayo. Nashukuru nilikwenda.

Futi ya fundi ina sentimita 150. Walishapiga hesabu yao: unailaza mara 8 inakuwa mita 12, unaongeza sentimita 127, basi, umefika kichwani. Wakajigawa makundi mawili, moja lipime kutoka ukutani kwenda getini, la pili lirudie palepale kuhakiki. Majibu yakapishana, na si kidogo, karibu shibiri nzima. Ukazuka ugomvi. Kila kundi linadai wenzao wamekosea, kijana mmoja mrefu anapiga kelele kwamba futi ya mama ndiyo mbovu. Mkutubi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakusema nani kapatia. Aliuliza, "Mnapoihamisha futi, mnaweka nini pale ilipoishia?"

"Kidole."

"Na kidole chako kina upana gani?"

Kimya. Kijana mrefu akakitazama kidole chake. Kisha akakilaza juu ya futi, na wenzake wote wakainama kutazama. Karibu sentimita 2. Kundi moja lilikuwa linaanza upya mbele ya kidole, jingine nyuma yake, na kosa dogo likazidishwa mara 8. Nami nikawaongezea la kwetu mafundi, kwamba futi ya kitambaa ikizeeka inavutika, ndiyo maana mimi kila baada ya muda nailinganisha na rula ya chuma. Kijana akaniomba radhi kwa adabu kabisa. "Samahani mama, sikuwa na maana mbaya."

Wakaacha futi, wakatafuta kamba ya katani, wakaifunga fundo kila baada ya mita moja kwa kutumia rula. Fundo 13, na kipande cha sentimita 27 wakakifunga kitambaa chekundu nilichowapa. Wakainyoosha. Miguu ya mjusi ilianzia ukuta wa maktaba, kichwa kikatokeza nje ya geti, karibu na mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Mama yule akasogeza meza yake ili wamalizie kuchora jicho.

Mwanangu alilala kwenye mchanga, kichwa sawa na unyayo wa mjusi, wenzake wakamchora na yeye kwa majivu ili watu waone tofauti. Alipoinuka, alibaki amesimama pale muda mrefu anautazama mchoro wake mwenyewe, udogo wake. Sikumuuliza anawaza nini.

Wiki ya pili walitengeneza mfupa. Mmoja tu, wa mguu wa mbele, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ambao kwa yule wa Berlin una urefu wa mita 2.13. Maboksi waliyaomba madukani, magazeti ya zamani yalitoka maktabani, na gundi waliipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Aliyezoea kuipika anajua: unga unakorogwa kwanza kwenye maji baridi, ndipo unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, la sivyo unapata mabonge. Walipata mabonge mara mbili. Gazeti linachanwa vipande vya upana wa vidole viwili, linachovywa, linabandikwa, unasubiri likauke kabla ya kuweka tabaka jingine. Tabaka 5. Siku ya tatu waliuanika mfupa uwanjani wakaenda kula, mbuzi wa mtaani wakatafuna ncha nzima ya chini, kwa ladha ya muhogo. Kuna waliolia kwelikweli, na sikuona ajabu. Kazi ya siku tatu si mchezo ukiwa na miaka 13. Kesho yake walirudi wote, hakukosekana hata mmoja, wakaanza upya ile ncha. Wakapanga na zamu ya kulinda.

Lakini kilichonigusa zaidi ni igizo. Kwenye kusoma kwao walikutana na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji wenyeji, fundi ambaye mikono yake ilijua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Jina la mtu wa huku limo ndani ya jina la kisayansi, nami nimefika utu uzima bila kulisikia! Vijana waliamua igizo liwe lake. Walisoma jinsi mifupa ilivyofungwa kwa vipande vya mianzi kama mtu anavyofungwa banzi, ili isivunjike njiani. Wakaenda kukata mianzi, wakajaribu kuufunga mfupa wao. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliandika sehemu ya wapagazi, akaweka na wimbo wa kutembelea, wa kuitikiana.

Mwanangu alipewa kuandika maneno ya Boheti. Alikaa na karatasi siku mbili, anaandika, anafuta. Siku ya maonyesho, wazazi tumejaa barazani, Boheti wao akauwekea mkono ule mfupa wa magazeti, akawageukia wapagazi akasema, "Taratibu jamani. Huyu mzee amelala." Basi. Mstari mmoja. Mzee mmoja nyuma yangu akaitikia, "Ewaa." Mimi nilishindwa hata kupiga makofi, nilikuwa nafuta macho na ncha ya kanga.

Baada ya igizo ulikuwapo mjadala, mjusi arudi au abaki Berlin. Waliotaka arudi walisema ni wetu, alibebwa kwa vichwa vyetu. Wa upande wa pili wakauliza, akija leo tutamweka jengo gani, nani atamtunza? Upande wa kwanza wakajibu, basi tuanze na jengo. Hawakukubaliana, na hakuna mtu mzima aliyewalazimisha wakubaliane. Huo ndio ubora wa pale kwa maoni yangu: watoto wanaachiwa kazi iwe yao, pamoja na makosa yake.

Sasa nyota iliyobaki.

Vitabu. Kwa wiki zote mbili vijana walitegemea kitabu kimoja cha Kiingereza, chenye wanyama wa Marekani kurasa kwa kurasa na Tendaguru imepewa aya chache. Muda mwingi ulikwenda kwenye kamusi. Kompyuta ya intaneti ilikuwa moja, na umeme ukikatika hakuna. Nilikuta watoto wamepanga foleni kunakili habari ya mifupa iliyotoka humuhumu mkoani kwao, kwa lugha wasiyoiweza vizuri. Inaniuma. Mkutubi yule alikuwa anawatafsiria aya kwa aya kwa mkono, akazibandika ukutani, na nina hakika kazi hiyo hakuna aliyemlipa. Mwenye uwezo wa kuandika kitabu cha mjusi huyu kwa Kiswahili cha kueleweka, chenye picha, tafadhali akiandike. Wasomaji wapo, nimewaona.

Jingine ni choo. Siku mbili hakikuwa na maji, na kwa mabinti wa umri ule hilo si jambo dogo. Wawili walirudi nyumbani mapema kwa sababu hiyo. Nilimwambia mhusika ana kwa ana, siku ya tatu pipa la maji likawekwa. Ningependa lisisubiri mama wa mtu aje kusema. Wapo pia wasomaji watu wazima walionung'unikia kelele za mazoezi ya igizo, na siwalaumu. Wimbo wa wapagazi ungehamishiwa uwanjani mapema ingekuwa heri kwa wote.

Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto: nenda naye siku ya kwanza, usimtume tu. Ulizia utaratibu wa uanachama pale mapokezi. Mpe chupa ya maji na kitu cha kula, kwani chakula hakitolewi, na nguo usiyoionea huruma, gundi ya muhogo ikikauka kwenye kitambaa inataka kulowekwa kabla ya kusuguliwa. Mtoto asiyependa kusoma naye apelekwe. Wangu alikwenda kwa ajili ya kuchora.

Likizo ya Desemba wamepanga kumtengeneza Kentrosaurus, yule wa Tendaguru mwenye miiba mgongoni na mkiani, huyu ataenea uwanjani bila kutoka getini. Wanakusanya maboksi tangu sasa, mwenye duka asiyatupe. Mimi nimewanunulia futi kamba ya mita 20, ile ya mafundi ujenzi, ila mwanangu amesema kamba ya mafundo haitupwi, imetundikwa ukutani karibu na mfupa. Ukifika utaiona, ina kitambaa chekundu mwishoni.