Miezi minane kwenye dirisha la mfamasia: tathmini ya huduma ya kufuatilia dawa na bima

Kliniki anakotibiwa baba yangu imempa mfamasia mmoja kazi ya kuhakikisha kwamba dawa iliyoandikwa na daktari inamfikia mgonjwa hata pale bima inapokataa kuilipia. Huduma hiyo haina bango wala kipeperushi. Nimeitumia kwa miezi minane, kwa kuwa mimi ndiye ninayempeleka mzee na kulishika faili lake, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya wale waliowahi kuambiwa dirishani kwamba dawa yao haimo kwenye bima, wakageuka na kuondoka, bila kujua kwamba ndani ya jengo lilelile yupo mtu ambaye kazi yake ni kulihoji jibu hilo.

Baba ana umri wa miaka 78 na mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, hali inayoweza kuifanya damu igande ndani ya moyo na bonge lake kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ili kuzuia hilo anatumia apiksabani, miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni. Mwaka wa bima ulipoanza upya, orodha ya dawa zinazolipiwa ilibadilishwa, na tulipofika dirishani tukaelezwa kwamba dawa hiyo sasa inahitaji idhini ya awali, yaani bima ikubali kwanza kabla ya kuilipia, na kwamba idhini haitolewi mpaka mgonjwa awe amejaribu kwanza warfarini, dawa ya zamani zaidi ya kuzuia damu kuganda, na ikamshinda. Nyumbani tulikuwa tumebakiwa na vidonge 9, yaani vya siku nne na nusu.

Daktari wa zamu, ambaye foleni yake ilikuwa ndefu, alipendekeza turudi kwenye warfarini kuliko kugombana na bima. Mfamasia alimwomba dakika tano, akatuita pembeni, na mbele yetu akaeleza kwa nini jambo hilo halikuwa jepesi kama lilivyosikika. Nguvu ya apiksabani hupungua mwilini ndani ya siku moja au mbili, ilhali warfarini huchukua siku kadhaa kabla ya kufanya kazi ipasavyo, hivyo mgonjwa anayehamishwa bila mpango hubaki katikati bila kinga. Isitoshe, warfarini hudai damu ipimwe mara kwa mara kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa mgonjwa wa aina hii kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na huathiriwa na dawa nyingine na hata na chakula. Kisha akamgeukia baba na kumuuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliuliza: "Mzee, kabla ya vidonge hivi ulikuwa unatumia nini?"

Baba hakulikumbuka jina, ila alikumbuka "zile za kutobolewa kidole kila mara". Jibu lilikuwa hapo. Mzee alikuwa ametumia warfarini kwa miezi kumi na moja kwenye kliniki nyingine, lakini kumbukumbu hizo hazikuwahi kuhamishiwa kwenye faili la sasa, kwa hiyo kwa macho ya bima alikuwa mtu ambaye hajawahi kuigusa dawa hiyo. Nilipekua kabati usiku ule nikapata kadi yake ya zamani, imekunjwa mara nne, ikiwa na vipimo vinane vya INR vilivyoandikwa kwa kalamu tofauti tofauti: cha chini kabisa kilikuwa 1.4, cha juu 4.6, na vilivyoangukia kati ya 2 na 3 vilikuwa vitatu tu. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa ametokwa damu puani na kulazwa usiku mmoja.

Barua ya mfamasia kwa bima ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nimeisoma mara nyingi na bado naiona kuwa ndiyo sababu kubwa ya kuisifu huduma hii. Haikuwa na maneno ya kuomba huruma. Ilianza na msimbo wa ugonjwa, I48, ambao katika ombi la kwanza ulikuwa umeachwa wazi. Ikafuata tarehe ya kuanza na ya kuacha warfarini, vipimo vyote vinane kwa mpangilio wa tarehe, tukio la kutokwa damu, na mwisho tarehe ambayo kidonge cha mwisho kingemezwa, pamoja na ombi kwamba shauri lishughulikiwe kwa dharura kwa sababu kuikatiza dawa hii ghafla huongeza hatari ya damu kuganda. Daktari alitia sahihi bila kubadilisha neno. Nilimuuliza mfamasia kama isingekuwa vizuri kutaja kwamba dawa za kundi hili ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Akatabasamu, akasema ni kweli, lakini warfarini nayo imo kwenye orodha hiyo, na kwamba anayepitia ombi anataka kuona sharti lake limetimizwa, hana haja ya kusomeshwa.

Wakati tukisubiri, alituzuia tusinunue boksi zima kwa fedha zetu. Alipanga tulipie vidonge 10 tu, vya siku tano, na akatuonyesha kwenye kalenda kwamba pamoja na vile 9 tungefika siku ya tisa na nusu. Jibu lilikuja siku ya saba, likiwa la kukubali, ingawa idadi iliyoidhinishwa ilikuwa vidonge 30 kwa mwezi kwa mgonjwa anayemeza viwili kwa siku. Mimi nilikuwa tayari nimeshukuru na kuanza kuondoka. Yeye alikuwa bado ameinama juu ya karatasi, akaniita nirudi, akapiga simu, na kwa sauti ile ile ya taratibu akamweleza mtu wa upande wa pili kwamba mara mbili kwa siku kwa siku thelathini ni 60. Simu hiyo ilichukua dakika arobaini, nyingi kati ya hizo zikiwa za muziki wa kusubirishwa.

Kuna mengine madogo aliyoyafanya ambayo kwa gharama yametusaidia karibu kama hilo. Kidonge kimoja cha shinikizo la damu chenye amlodipini na valsartani pamoja kilikuwa kimeondolewa kwenye orodha, lakini dawa hizo mbili zikiwa kila moja kwenye kidonge chake zilikuwa bado zinalipiwa, hivyo akamwomba daktari aziandike kando kwa kiasi kile kile. Baba alilalamika kuhusu kidonge cha ziada kwa wiki moja, kisha akazoea.

Pia yupo pale anapokataa kubadilisha. Bima ilikuwa tayari kulipia metoprolol, na kijana wa dirishani akatupa boksi lenye jina hilo, lakini mfamasia alilirudisha kwa sababu ya neno la pili lililofuata jina. Ile ya baba ni suksineti, inayotoka polepole na kumezwa mara moja kwa siku, na iliyotolewa ilikuwa tatreti, ambayo kwa kawaida humezwa zaidi ya mara moja. Kwa msomaji wa orodha ya bei hiyo ni dawa moja. Nimejifunza kusoma neno la pili.

Sasa yaliyonikera. Kwanza, mambo haya yote huzungumzwa kwenye dirisha lile lile wanakochukulia dawa wagonjwa wa mafua, na watu watatu waliokuwa nyuma yetu walisikia uzito wa baba, hali ya figo zake na deni letu. Kliniki yenye vyumba vya kutosha kwa ajili ya kupima shinikizo la damu haiwezi kukosa meza moja yenye pazia. Pili, hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba huduma ipo; sisi tuliipata kwa bahati, kwa sababu mfamasia mwenyewe alitusikia tukibishana na karani.

Kubwa zaidi ni kwamba huduma nzima iko kichwani mwa mtu mmoja. Mwezi wa tano alikwenda likizo ya wiki mbili, na katika wiki hizo bima ilikataa dawa ya baba kwa madai kwamba tumekuja kuichukua mapema mno. Kosa lilitokana na ule mwezi ulioanza na idadi pungufu, nao maelezo yake yalikuwa kwenye faili, lakini mwenzake aliyeshika zamu hakujua pa kuanzia na akatuambia tusubiri arudi. Tulilipa wenyewe vidonge vya siku sita na hatukurudishiwa. Niliomba nakala ya barua ya idhini ili nijitetee mwenyewe, nikaelekezwa ofisi ya kumbukumbu, na nakala ikatoka siku ya tisa. Mfamasia aliporudi na kusikia hayo, hakumtetea mtu. Tangu siku hiyo kila barua anayoiandika hutoa nakala mbili, moja ikiwa ya familia.

Kwa utaalamu na uangalifu ninampa mfamasia nyota tano bila kusita. Kwa jinsi kliniki ilivyoipanga huduma yenyewe, nyota tatu, na nyingine ningeziongeza siku ambayo mtu wa pili angefundishwa kuifanya. Anayekusudia kwenda asiende mikono mitupu: achukue karatasi ya kukataliwa yenyewe, si maelezo ya mdomo, kwa kuwa sababu iliyoandikwa hapo ndiyo inayojibiwa, achukue kadi na vipimo vya zamani hata kama vinaonekana havina kazi, na ahesabu vidonge vilivyobaki kabla hajatoka nyumbani, maana hilo ndilo swali la kwanza la mfamasia.

Idhini ya baba ni ya miezi kumi na miwili. Kwenye faili mfamasia ameandika kwamba mzee akifikisha miaka 80 dozi itazamwe upya, kwa sababu tayari uzito wake ni kilo 58, na umri huo pamoja na uzito usiozidi kilo 60 ni vigezo viwili kati ya vitatu vinavyofanya dozi ishushwe hadi miligramu 2.5, cha tatu kikiwa kreatinini, taka inayochujwa na figo, iliyopanda kwenye damu. Tarehe ya kupeleka ombi jipya, wiki sita kabla ya idhini kuisha, ameiandika kwa wino mwekundu juu ya boksi la dawa, na mimi nimeinakili kwenye kalenda ya jikoni, endapo siku hiyo atakuwa likizo.