Bonaire: walionikatalia kupiga mbizi ndo nawapa nyota tano

Mwezi wa pili tulienda Bonaire mimi na shoga yangu wa hapa Rotterdam, kile kisiwa cha Waholanzi huko Karibiani jirani na Venezuela, nauli usiulize. Mi kupiga mbizi nilijifunzia Nungwi na nina cheti cha Open Water tu, kile cha mwanzo cha wazamiaji, yani mwisho wangu mita 18. Duka la kwanza la mbizi tuliloingia pale Kralendijk, jina naliacha, walituuliza saizi ya viatu na kadi ya benki basi, cheti hakuna aliyekiulizia. Tukaaga tukatoka.

La pili ni kaduka kadogo mtaa wa nyuma, na hako ndo nakasifia. Dada wa kaunta alitaka cheti, daftari la mbizi zangu, mara ya mwisho nimezama lini, nina pumu, nina presha. Alafu siku ya kwanza huendi mbali, kila mzamiaji mgeni lazima ajaribiwe kwanza pale pale karibu na ufukwe, sheria ya hifadhi ya bahari ya kisiwa hiyo, unalipa na ada dola 40, glavu marufuku ili usishikeshike matumbawe. Shoga akanuna eti amekuja kuona kasa sio kufanya mtihani, kumbe mimi mwenyewe nimejifunga vyuma vya risasi vya kuongeza uzito vingi mno kiunoni nashuka kama nanga, kiongozi akanipunguzia kilo 2 nikatulia.

Siku ya tatu ndo zamu ya Hilma Hooker, ile meli iliyokamatwa na bangi ikaja kuzama 1984, imelala ubavu huko kwenye mita 30. Nimeamka na mafua, nikasema nameza kidonge naenda hivyohivyo. Yule kaka kiongozi kusikia tu naongelea puani, "Wewe leo hapana." Nilichukia aisee! Akanieleza taratibu, masikio hayatazibuka, na dawa ikiisha nguvu ukiwa chini basi kupanda ndo balaa, hewa iliyonasa kichwani inatanuka na pa kutokea hamna. Hela yangu wakaisogeza mbele bila maneno. Nilipopona nikaenda, nikaishia mita 18 naichungulia meli kwa juu, kushuka zaidi alikataa pia.

Majini tulikuwa wageni wanne na kiongozi mmoja, anakuuliza geji ya hewa ya mtungi kila mara, presha ya bar 50 lazima urudi nayo juu, na kwenye mita 5 mnasimama dakika 3 ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu, hata kama unabanwa mkojo.

Kasoro zipo, suti za kukodi zimechoka, yangu ilikuwa na tundu gotini, na bei iko juu. Siku ya mwisho wakagoma kutuzamisha kwa vile kesho yake asubuhi tunapanda ndege, wanataka yapite masaa 18 au zaidi ile gesi itoke mwilini kwanza. Basi tukaenda kwenye mashamba ya chumvi kuangalia flamingo, safari yote ile kumbe ndege wenyewe Ziwa Natron kule Tanzania wamejaa.